Perege wa Nadhiri

Kila Jumamosi asubuhi, nyumbani kwa Bi Kuruthum, mtaa wa Rashidiya, kiatu kimoja hupotea. Wiki hii cha Rawan, wiki ijayo cha Hala. Bi Kuruthum huinama chini ya kochi kukitafuta. Huko jikoni chai ya maziwa huchemka na kutaka kumwagika.

"Rawan! Mwalimu hakungoji wewe peke yako! Miaka kumi na miwili, kiatu chako hujui kilipo!"

"Nakuja, mama!"

"Unakuja na mguu mmoja?"

Bi Kuruthum alizaliwa Unguja. Wazazi wake walimleta Dubai akiwa na miaka minne, na hajahama tena. Mumewe, Ghanim, anafanya kazi katika ofisi ya kusafirisha mizigo huko Deira. Wana binti wawili. Rawan ni mkubwa. Hala ana miaka mitano.

Nyumbani wanasema Kiswahili. Shuleni watoto wanasoma Kiingereza na Kiarabu. Wazazi wa mtaa waliona hatari. Bibi akipiga simu kutoka Unguja, mjukuu alisema "helo" kisha akanyamaza kama kamwagiwa maji. Basi wazazi wakakodi ukumbi mdogo na kuanzisha darasa la Kiswahili la Jumamosi.

Mwalimu wao ni Damaris, Mkenya wa Siaya. Siku za kazi hufundisha sayansi katika shule moja upande wa Jumeirah Village Circle. Jumamosi huja Rashidiya na sayansi yake ndani ya mkoba. Watoto wanampenda, lakini hana mchezo. Akiuliza swali hungoja jibu, hata kama darasa litakaa kimya mpaka adhuhuri.

Jumamosi moja ya mwezi wa Novemba aliuliza, "Nani amewahi kumwona samoni?"

Mikono yote ikapanda.

"Wapi?"

"Supamaketi, mwalimu! Juu ya barafu."

"Yukoje?"

"Ana rangi ya waridi," alisema Rawan. "Hana kichwa."

Darasa likacheka. Mwalimu Damaris naye akacheka, kisha akachora mto mrefu ubaoni.

"Huyo ni kipande tu," alisema. "Leo tutamsoma mzima. Samoni wa mwituni huzaliwa mtoni, nchi za baridi. Mama yake hufukia mayai katikati ya kokoto. Watoto wakikua kidogo huteremka na maji mpaka baharini. Huko hukaa miaka. Halafu siku moja hugeuka na kurudi. Anarudi wapi?"

Kimya. Alingoja.

"Kwao?" alijaribu Rawan.

"Kwao! Mto uleule aliozaliwa. Anaujua kwa harufu. Anapanda maji yanayokwenda mbio, anaruka maporomoko, anafika amechoka kabisa. Anataga mayai. Samoni wengi wakishataga, hufa."

"Masikini!"

"Lakini mwili wake unalisha mto. Wadudu wanakula, ndege wanakula. Watoto wake wakizaliwa wanakuta chakula. Sasa niambieni. Ili afanikiwe, samoni anahitaji nini?"

"Maji safi!"

"Kokoto za kufukia mayai."

"Njia isizibwe."

"Vizuri. Na jambo moja mmelisahau. Mtoni asije mgeni wa kuwala watoto wake." Damaris aliweka chaki chini. "Kwetu, karibu na Ziwa Viktoria, kulikuwa na samaki wadogo wanaitwa fulu. Wa kila rangi. Babu yangu aliwavua tele. Watu wakaleta sangara, samaki mkubwa wa maji mengine, wakamtia ziwani. Sangara aliwala fulu. Aina nyingi hazionekani tena. Babu alikuwa ananitajia majina yao, na mimi sikuwahi kuwaona wenye majina."

Mtoto mmoja akasema, "Lakini mwalimu, sisi hatuna mto. Hapa ni mchanga mtupu."

"Mnao," alisema Damaris. "Nani amekwenda Hatta?"

Mikono ikapanda tena. Kila familia ya Rashidiya imekwenda Hatta, milimani, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari.

"Yale maji kati ya mawe mnayaitaje?"

"Wadi!"

"Basi wadi ndiyo mto wenu. Mvua ikinyesha inajaa na kukimbia. Kiangazi inakauka, yanabaki mabwawa madogo. Na ndani yake kuna samaki wa mwituni. Ni mdogo kama kidole cha baba. Anang'ang'ania mwamba kwa mdomo wake ili maji yasimchukue. Kiangazi chote anasubiri katika bwawa dogo. Mvua ikija, anasafiri kupanda juu. Huyo ndiye samoni wenu."

Akawapa kazi ya nyumbani. Kila mtoto aandike familia yake hufanya nini ikienda wadi.

*

Jumamosi iliyofuata Rawan alisimama kusoma. Alisoma vizuri, kwa sauti.

"Familia yangu inapenda wadi. Baba anawasha mkaa. Tunapika pilau. Mama anaosha sufuria majini kwa sabuni. Mwaka huu tulifanya jambo zuri zaidi. Mdogo wangu Hala aliumwa sana. Mama aliweka nadhiri. Hala alipopona, tuliwaachia perege kumi na wawili katika bwawa la wadi, ili na wao waishi wakiwa huru."

Watoto wakapiga makofi. Mwalimu Damaris hakupiga. Alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa tena.

"Umesoma vizuri sana, Rawan," alisema. "Baada ya darasa nitakwenda na wewe nyumbani. Nataka kuzungumza na mama."

Bi Kuruthum alimpokea kwa furaha. Akamwekea chai na vitumbua. Hala alikuwa chini sakafuni, anamvisha paka wa jirani kilemba. Paka alikuwa amekata tamaa.

Damaris hakuzunguka sana. Aliomba radhi, akasema perege si samaki wa wadi. Akasema wanaweza kuwamaliza wale samaki wadogo, wenyeji wa bwawa lile.

Uso wa Bi Kuruthum ulibadilika.

"Mwalimu, mimi nilikuita umfundishe mwanangu kusoma. Sikukuita uje unifundishe nadhiri yangu."

"Ni kweli, Mama Rawan."

"Unajua nadhiri ile ilitoka wapi?"

"Sijui. Niambie."

Bi Kuruthum alimtazama Hala, akashusha sauti. Mwezi wa Januari Hala alishikwa na nimonia. Alilazwa siku nane. Alivuta pumzi kwa mashine. Katika wodi ile ya watoto kulikuwa na tangi la samaki ukutani. Hala alilala akiwatazama kutwa. Siku ya tano alimwuliza mama yake, kwa sauti ndogo ya kukatika, "Mama, hawa samaki watatoka lini?"

"Nilitoka nje ya chumba nikalia," alisema Bi Kuruthum. "Nikasema, ya Rabi, mtoe mwanangu humu, na mimi nitawatoa samaki wawe huru. Akatoka. Samaki wa hospitali si wangu, siwezi kuwachukua. Rafiki yake Ghanim anafuga perege shambani kwake. Tukawachukua kumi na wawili, wazima, na kiangazi kilipoanza tukawapeleka Hatta. Hala mwenyewe alimwachia wa mwisho kwa mkono wake. Sasa wewe unaniambia nikawatoe?"

Damaris aliweka kikombe chini.

"La nadhiri siwezi kulijibu, Mama Rawan. Mimi ni Mkristo, na hapo si mahali pangu kusema. Waulize wanaojua. La samaki ndilo ninalolijua, na hilo nitakwambia kweli yote. Utakasirika, lakini nitasema."

"Sema."

"Perege ni mama mzuri sana. Mayai yake anayabeba kinywani. Watoto wakizaliwa, wakiona hatari, wanakimbilia kinywani mwa mama. Hawafi ovyo. Kumi na wawili watakuwa hamsini, watakuwa mia. Wanakula majani ya majini, wanakula mayai ya wenzao, wanakula hata watoto wa hao wenzao. Yule samaki mdogo wa wadi hana nguvu za kushindana nao. Na hana kwingine kwa kwenda."

"Bwawa moja tu," alisema Bi Kuruthum. "Wadi ni ndefu."

"Sasa hivi ni bwawa moja, kwa sababu bado pamekauka. Bwawa limekatika na mengine. Wote wamefungiwa pale, tunaweza kuwatoa. Mvua za baridi zikianza, maji yanaungana. Wataenea wadi nzima. Hapo khalas, hakuna mtu atakayewashika tena."

Bi Kuruthum alimtazama Hala na paka wake.

"Nikiwatoa," alisema polepole, "na yeye je?"

Mwalimu Damaris alikaa naye mpaka chai ikapoa, kisha akaaga.

*

Kesho yake Ghanim alikwenda kumwuliza imamu wa msikiti baada ya sala ya alasiri. Bi Kuruthum alimsubiri mlangoni kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Kasemaje?"

"Ngoja nivue viatu, Mama Rawan."

"Viatu vitavuliwa. Kasemaje?"

"Kasema nadhiri yako imeshaondoka siku ile ulipowaachia. Ulinuia wema, na Mungu anajua nia yako. Mtoto kaponywa na Mungu, hakuponywa na perege. Ulilolifanya bila kujua, huna dhambi nalo. Lakini sasa umeshajua. Ukiacha viumbe wa Mungu waangamie na unaweza kuzuia, hilo litakuwa swali jingine."

Bi Kuruthum aliingia jikoni. Aliosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Alipotoka, alikuwa amekaza uso.

"Mpigie mwalimu," alisema. "Mwambie atafute wenye mamlaka ya ile wadi. Nimewatia mimi, nitawatoa mimi."

Ghanim alitaka waende siku ileile na nyavu mbili. Damaris akamkatalia kwenye simu. "Hapana, Baba Rawan. Wadi ina walinzi wake. Tukiingia ovyo tutawaua wale tunaotaka kuwaokoa. Kwanza tupate ruhusa."

Mlinzi wa hifadhi ya Hatta, aliyepokea simu ya Damaris, aliitwa Waleed. Alikuwa kijana wa Imarati, lakini bibi yake alizaliwa Pemba, na Kiswahili alikijua kwa kulelewa naye. Alishukuru sana kwa habari. Hakumlaumu mtu.

"Kila mwaka watu wanaleta," alisema. "Samaki wa tangi, kasa wa tangi. Mtu anahama nyumba, anasema, masikini, nimwachie huru. Wachache tu wanaotupigia simu kutwambia. Njooni Jumamosi. Ofisi imekubali. Njooni na watoto, kazi ipo."

*

Jumamosi ile darasa la Kiswahili lilifanyika ndani ya maji.

Bwawa lilikuwa chini ya mwamba mkubwa, refu kama mabasi mawili yaliyopangana. Maji yalifika kiunoni. Kwanza waliwatoa wenyeji. Waleed aliwafundisha watoto kulowanisha mikono, kumchota samaki mdogo kwa kikombe, na kumweka katika ndoo yenye maji ya bwawa, kivulini. Pampu ndogo ilitia hewa. Rawan alipewa daftari la hesabu.

"Mmoja, wawili... mama, tazama! Amebandika mdomo kwenye ndoo!"

Bi Kuruthum aliinama kutazama. Miaka yote aliyokuja Hatta hakuwahi kumtazama samaki huyu. Alikuwa wa kijivu, mwenye madoa, mnyonge kwa macho. Lakini alishikilia ukuta wa ndoo, wala hakuachia.

"Mshupavu huyu," alisema Bi Kuruthum, na kwa mara ya kwanza siku ile alitabasamu.

Wenyeji walipatikana arubaini na wanane tu. Waleed alitikisa kichwa. Mwaka uliopita, alisema, bwawa hili lilikuwa na mamia.

Kisha wakavuta wavu. Ghanim upande mmoja, Bi Kuruthum upande wa pili, amefunga abaya kiunoni na kuvaa buti za mpira za mumewe. Walivuta mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Perege wadogo walikuwa wamejaa. Walivuta mpaka jua likaanza kushuka. Walipata perege wadogo hamsini na watatu, na wakubwa kumi.

"Kumi," alisema Rawan. "Tuliwatia kumi na wawili."

"Labda korongo kawala wawili," alisema Waleed. "Nitakuja kuangalia."

Wenyeji wakarudishwa majini. Perege wadogo Waleed akawachukua yeye, wakubwa akampa Bi Kuruthum katika sanduku la barafu. "Wakishatoka, wasirudi majini popote. Wapike, watu wawale."

Bi Kuruthum akawatia kwenye friza. Hakuwa na moyo wa kuwapika bado.

*

Jumatatu asubuhi Hala aliamka na homa.

Bi Kuruthum aliweka mkono juu ya paji la uso wa mtoto. Hala alikohoa. Kikohozi kilekile, alidhani. Sauti ileile.

"Nilijua," alisema. "Nilijua! Ghanim, nilikwambia!"

"Mama Rawan, twende kwanza kwa daktari."

"Nimechukua nilichotoa. Nimenyang'anya!"

Njia nzima alimpakata mtoto. Daktari alimsikiliza Hala kifuani, mbele na nyuma. Akamtazama koo. Akauliza kama anasoma.

"Anasoma chekechea," alisema Ghanim.

"Basi ni mafua. Nusu ya watoto wa chekechea wanayo wiki hii. Mapafu ni safi. Maji, mapumziko, na dawa ya kushusha homa."

"Nimonia?" aliuliza Bi Kuruthum.

"Hapana, mama. Nimesikiliza vizuri."

Akili yake ilimsikia daktari. Moyo wake haukusikia. Jumanne homa ilikuwa ingali juu, na jioni simu ya Waleed ililia.

"Mama, nimewaona. Wawili, wakubwa. Wamejificha chini ya mwamba, wavu haufiki. Na utabiri wa hewa unasema Ijumaa mvua kubwa milimani. Kesho nitajaribu tena. Nimeona nikwambie."

"Hatuwezi kuja," alisema Ghanim haraka. "Mtoto anaumwa."

Bi Kuruthum alikuwa amekaa kitandani na kichwa cha Hala mapajani. Rawan alisimama mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama," alisema Rawan, "mwalimu anasema wawili wanatosha kuzaliana upya. Mume na mke. Kazi yote itakuwa bure."

"Rawan, niache."

"Babu yake mwalimu alikuwa anamtajia majina ya samaki ambao yeye hakuwaona. Sitaki na mimi nije kutaja jina tu."

Hala akafungua macho. Akaomba maji. Akanywa kikombe kizima, akaomba kingine, akauliza kama paka amekula. Bi Kuruthum aliusikiliza ule mdomo mdogo ukiuliza habari za paka. Mwezi wa Januari mtoto huyu hakuwa na pumzi ya kumaliza sentensi. Hayo hayakuwa maradhi yale. Aliogopa, na alijua kwamba anaogopa, na alijua vilevile kwamba woga wake hauwezi kumtibu mtoto wala kumwokoa samaki.

"Ghanim," alisema, "kesho utakaa na Hala. Dawa kila baada ya saa sita. Mimi nakwenda Hatta."

"Peke yako?"

"Na mwalimu. Mpigie uombe. Usipompigia nitampigia mwenyewe."

*

Damaris aliomba ruhusa ya siku moja kazini. Wakafika Hatta mapema. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya milima.

Waleed alikuwa tayari majini. Alijaribu kwa wavu wa mkono. Alijaribu kwa fimbo. Perege waliingia ndani zaidi chini ya mwamba.

"Ngoja," alisema Bi Kuruthum. Alifungua mkoba wake, akatoa chapati iliyofungwa kwa karatasi. "Siku tuliyowaleta, Hala aliwarushia chapati. Walikula wakamaliza. Perege wa kufugwa hasahau mkono wa mtu."

Aliingia majini. Alikata chapati vipande vidogo, akavidondosha kimoja kimoja mbele ya mwamba. Akasimama bila kutikisika. Dakika kumi. Maji yalikuwa baridi na miguu ilimfa ganzi. Damaris alishika wavu upande wake, Waleed upande wa pili.

Kivuli kikatoka. Dume. Alikula kipande cha kwanza, cha pili. Waleed akainua wavu.

"Yalla! Mmoja!"

Jike hakutoka kwa chapati. Alikuja mwenyewe polepole, akasimama mbele ya shimo, mdomo wake umevimba. Bi Kuruthum alielewa. Mama huyu hali, kwa sababu kinywa chake kina watoto.

Alizamisha mikono yote miwili. Samaki alikuwa mzito. Alimsogeza taratibu kwenye wavu, na alipomwinua, watoto wadogo kama punje za mchele wakaanza kumwagika kinywani, wote ndani ya ndoo ya Damaris.

Bi Kuruthum akalia. Alilia wazi, amesimama majini.

"Nisamehe, mama mwenzangu," alimwambia samaki. "Wewe huna kosa lolote. Mimi ndiye niliyekuweka pasipo pako."

Akamgeukia Waleed. "Huyu usinipe nikampike. Siwezi."

"Huyu na wanawe wataishi," alisema Waleed. "Ofisini tuna tangi la kufundishia wanafunzi. Humo hamdhuru mtu."

Simu ya Damaris ikalia. Alikuwa Ghanim. Damaris akampa Bi Kuruthum.

"Homa imeshuka," alisema Ghanim. "Na jirani amekuja kumchukua paka wake. Kuna kilio hapa, njoo upesi."

*

Mvua ilinyesha Ijumaa, kama ilivyotabiriwa. Rashidiya maji yalisimama barabarani na magari yakaenda kwa kunyata. Bi Kuruthum aliwatoa perege kwenye friza, pamoja na yule dume. Aliwapaka ndimu, vitunguu thomu na pilipili, akawachoma, akawapaka tui zito la nazi. Walikuwa kumi na mmoja. Ghanim alivaa koti la mvua akapeleka sinia kwa walinzi wa majengo na wafagiaji wa mtaa wao. Sahani moja ilikwenda kwa Mwalimu Damaris. Aliila kwa ugali, akapiga simu kusema hajawahi kula perege mtamu hivyo hata kwao Siaya. Bi Kuruthum alisema anamdanganya, lakini alifurahi siku nzima.

Mwezi wa Machi familia ilirudi Hatta. Pilau lilipikwa kama kawaida. Lakini sufuria chafu lilifungwa ndani ya mfuko, likasubiri kuoshwa nyumbani, kwa sababu sabuni nayo huwaua viumbe wa majini. Takataka zote zilirudi garini. Watoto wa darasa walikuwa wamechora ubao mdogo, na Waleed ameusimamisha kando ya bwawa. Umeandikwa kwa Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili: Usiache samaki hapa.

Wadi ilikuwa inakimbia. Bwawa lile sasa lilikuwa limeungana na mengine. Waleed alikuwa ameshahesabu mara tatu tangu mvua, na hakuona perege hata mmoja. Hala alikuwa amelala kifudifudi juu ya jiwe, pua karibu na maji.

"Mama! Wanapanda!"

Samaki wadogo wa wadi walikuwa kwenye mwamba ulioloa, maji yakiwapiga usoni. Walishikilia kwa midomo, wakasogea juu kidogo, wakashikilia tena. Walikuwa wengi. Rawan alijaribu kuwahesabu akashindwa.

Hapo gari jingine likasimama. Akashuka baba mmoja na mtoto wake. Baba alishika mfuko wa plastiki wenye maji, na ndani yake samaki watatu wa rangi ya machungwa. Mtoto alikuwa analia kidogo.

"Tunahama," baba alimweleza Ghanim kwa Kiarabu. "Tangi hatuwezi kulibeba. Nimemwambia mwanangu tuwaachie hapa, wawe huru."

Ghanim alitaka kumwonyesha ubao. Bi Kuruthum alikuwa ameshasimama. Alikwenda mpaka kwa yule mtu akasimama kati yake na maji.

"Ndugu yangu, ngoja," alisema. "Nia yako ni njema, naijua, maana ilikuwa yangu. Usiwatie humu. Mto huu una wenyewe."

Yule mtu alishangaa. "Wenyewe nani?"

Bi Kuruthum akamshika Hala mkono, na Hala akamshika mkono yule mtoto anayelia. Wakaenda wote wanne mpaka ukingoni.

"Inama hapa," alisema Bi Kuruthum. "Nikuonyeshe."